Mlango wa Majani ya Chai

Makabati ya jikoni kwangu aliyatengeneza mume wangu mwenyewe, ubao kwa ubao, nikiwa na mimba ya kitinda mimba wetu. Ya juu yamekaa pande zote mbili za dirisha, ya chini yamebeba sinki na meza ya kukatia mboga, na lile refu la kona ndilo la unga na vitu vya akiba. Aliyapaka vanishi ya kahawia. Miaka nayo ikapaka ya kwake juu yake: moshi, mvuke, mikono ya watoto yenye mafuta. Karibu na vishikio vanishi ililika mpaka mbao ikatokeza, laini kama kiganja cha mtu.

Mlango mmoja tu haukufanana na mingine. Ni ule wa kabati dogo la juu, karibu na jiko, tunamoweka majani ya chai, sukari na vikombe. Milango mingine yote kishikio kiko kulia. Huo wa chai kishikio kilikuwa kushoto, na bawaba upande wa pili. Wageni walikuwa wakiuvuta usikofunguka, halafu wanamcheka mume wangu. "Fundi, hapa ulisinzia?" Naye hujibu, "Nilisinzia nikamwota mke wangu."

Ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Kwetu nilichapwa sana kwa ajili ya mkono huo, na nilipoolewa nilikuwa bado nauficha mbele ya wakwe. Mume wangu aliona, asiseme neno. Siku ya kufunga milango alinisimamisha mbele ya jiko, akaniambia nijifanye nachukua majani ya chai. Nikanyoosha mkono. Pale vidole vyangu vilipofika akatia alama ya penseli, akatoboa. Basi. Hatukulizungumza tena jambo hilo, yeye wala mimi, na watoto wetu wamekua wakidhani baba yao alikosea.

Maradhi ya kusahau yalimwingia polepole, kama mchwa. Nje ubao mzima, ukigonga ndiyo unasikia patupu. Kwanza yalikula majina ya vifaa vyake, akawa anaita randa "ile ya kunyoa". Halafu yakala njia ya dukani. Halafu majina ya watoto, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka. Daktari alisema dawa zipo za kupunguza mwendo, za kurudisha hazipo.

Lakini asubuhi alikuwa wangu. Huamka kabla yangu, akaenda jikoni kwa kupapasa. Yeye ni mtu wa mkono wa kulia, ila mlango ule aliufungua kwa kushoto sikuzote, kwa sababu ndivyo ulivyotaka. Nilikuwa nikisikia bawaba inalia, maji yanamiminwa, kijiko kinagonga kikombe. Kisha ananiletea chai kitandani na kusema, "Haya, mwenye nyumba, pokea." Akiwa na kikombe kile mkononi alinijua. Aliniita jina langu la usichana, akaniuliza kama nimelala vizuri, akakaa ukingoni mwa kitanda tukanywa pamoja. Jua likishapanda nilikuwa wa kubahatisha: mara mimi ni dada yake, mara ni mwalimu fulani. Sikulalamika. Wako wanawake wenye waume wazima wa akili ambao hawajawahi kuletewa hata maji. Asubuhi ile moja ndiyo iliyokuwa imebaki ya ndoa yangu, na ilinitosha.

Binti yetu wa mwisho ndiye aliyeleta habari ya rangi. Ana moyo mzuri mtoto huyo, na macho yake hayapitwi na uchafu. Alisimama katikati ya chumba cha jikoni, mikono kiunoni.

"Mama, humu ni kama ndani ya chungu. Baba anajigonga kila siku. Tukipaka makabati rangi nyeupe mwanga utaongezeka, ataona anakokwenda."

"Makabati hayajavunjika."

"Nani amesema yamevunjika? Hata wewe hujavunjika na bado unavaa gauni jipya."

Akaleta fundi wa kazi hiyo. Watu humwita Kinyonga, kwa sababu ovaroli yake ina rangi ya kila nyumba aliyowahi kuingia. Mtu wa maneno. Alifungua milango yote, akainusa, akachungulia chini ya sinki, akapitisha kidole juu ya kabati la unga akakitazama kidole chake kama daktari. Kisha akataja bei.

Nilikaa chini. "Kwa bei hiyo si ninunue ng'ombe na ndama wake?"

"Ng'ombe utamweka kabatini, mama?"

"Rangi kopo ngapi hizo?"

"Rangi si kitu, mama yangu. Unalipia kazi ambayo hutaiona. Natoa milango yote. Naosha mafuta, maana rangi na mafuta ni mke na hawara, hawakai chumba kimoja. Napiga msasa mpaka vanishi yote iondoke. Naziba matundu kwa puti. Napaka rangi ya chini, napiga msasa tena. Hapo ndipo napuliza rangi yenyewe kwa mashine, nangoja ikauke, napuliza tena. Yuko wa kukupakia kwa brashi kesho hiyohiyo, mchukue. Ila ikianza kubanduka kama ngozi ya mjusi usinipigie simu."

"Mama, mwache," akasema binti yangu. "Mlipaji ni mimi." Nilijua fedha hizo alikuwa anaziweka kwa ajili ya paa la nyumba yake. Nikamwambia paa ni paa. Akanijibu kwamba mvua itangoja, baba yake hatangoja. 

Tukamuuliza mwenye kazi yake. Siku hiyo mume wangu alikuwa amechangamka. Alikuja akaweka kiganja juu ya mlango wa kabati la unga, kama mtu anayempapasa farasi.

"Rangi ni nguo tu," alisema. "Mvisheni." Kisha akamgeukia Kinyonga kwa jicho la uchokozi. "Lakini wewe, unajua uzuri wa mkakasi?"

"Ndani kipande cha mti!" akadakia Kinyonga. "Sasa mzee, chako hiki si kipande. Hiki ni mti mzima!"

Wakacheka wote wawili, wakashikana mikono kama mafundi. Nani angekataa baada ya hapo?

Kwa ajili ya harufu tulihamia kwa binti yangu mpaka kazi iishe. Kule mume wangu alisumbuka. Kila asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, kama abiria anayengoja gari lake litajwe. Chai ilipikwa na binti yangu, kwa birika la umeme linalojizima lenyewe. Mume wangu alilitazama likijizima, kisha akanitazama mimi. Aliniita "mama" siku zile, kwa heshima. Mimi nikajiambia ni ugeni tu, tukirudi kwetu atatulia.

Tuliporudi Kinyonga alikuwa mlangoni anatungoja, amenawa mpaka viwiko. Nikaingia jikoni. Sitadanganya, moyo ulipiga kwa furaha. Palikuwa peupe kama ndani ya ganda la yai. Vishikio vipya vinang'aa, dirisha limekuwa kubwa bila kuguswa, hata sufuria zangu kuukuu zilionekana zimeoga. Nikapitisha mkono juu ya mlango, haukwaruzi popote. Ile bei nikaielewa.

"Na kuna zawadi juu yake," akasema Kinyonga. "Kale kabati kadogo, mlango wake ulikuwa umefungwa kinyume. Nimewarekebishia. Bawaba nimezihamisha, matundu ya zamani nimeyaziba, tafuta uone kama utayaona. Hiyo sikuiweka kwenye hesabu. Bure kabisa!"

"Afadhali," akasema binti yangu. "Mlango ule umenisumbua tangu utoto."

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshanyooka kuelekea mlango ule, nikaurudisha. Lakini mtu akikupa zawadi kwa moyo mweupe utamfokea? Nikashukuru. Niliona ni mlango tu, na mkono wangu wa kushoto umeshazeeka, utajifunza.

Nikageuka nyuma. Mume wangu alikuwa bado kizingitini. Amevua kofia, ameishika kifuani, kama anavyofanya nyumbani kwa watu.

"Hodi," alisema.

"Karibu, baba, ni kwako!" akacheka binti yangu, akamvuta mkono.

Asubuhi yake nililala nikingoja. Nikasikia nyayo zake zinakwenda jikoni. Nikasikia kucha zinakwaruza mbao, mara moja, mara ya pili. Kisha kimya. Nilingoja maji, maji hayakumiminwa. Nikajifunga kanga nikaenda.

Alisimama mbele ya kabati dogo. Kiganja cha kushoto kimeshika ukingo wa mlango pale kishikio kilipokuwa, kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, juu ya rangi isiyo na kitu. Aliponiona aliutoa mkono haraka.

"Samahani, dada. Mwenyeji wa hapa yuko wapi? Nimeamka nikajikuta humu. Sitaki aje anikute napekua makabati yake."

"Mwenyeji ni mimi."

"Basi nisamehe. Nyumba yako ni nzuri." Akasogea kwenye kabati la unga, akainama, akapitisha kidole kwenye pembe ambapo ubao unaingia kwenye ubao. Kidole kilikwenda chenyewe, kikasimama, kikarudi. "Ukiona vyaelea, vimeundwa," alisema. "Tazama hapa. Hakuna msumari hata mmoja. Huyu aliyeunda alikuwa na subira. Ni nani?"

"Ni mume wangu."

"Yu hai?"

"Yu hai," nikasema.

"Msalimie sana. Mwambie fundi mwenzake ameiona kazi yake." Akavaa kofia. "Mimi ngoja niende. Mke wangu hajapata chai."

Nilimtoa nje, nikamzungusha nyumba nzima, nikamwingiza kwa mlango wa mbele, nikijua kwamba mara nyingine kuzunguka humrudisha. Kiti chake alikitambua, akakipigapiga mkono kwa furaha. Nikafurahi nami. Lakini tulipofika jikoni alivua kofia tena.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi mkono kwenye ukingo, kisha dada samahani, kisha ngoja niende. Nilijaribu kumpikia chai mimi nikampelekea. Aliinywa kwa adabu, akashukuru, akauliza nina watoto wangapi. Nikamtajia. Akasema Mungu amenijalia.

Binti yangu alipokuja akamkuta baba yake amekaa kwenye ngazi za mbele, amevaa viatu, anangoja kwenda kwake, alilia mpaka kamasi. "Mama, ni mimi! Nimemfukuza baba nyumbani kwake kwa pesa yangu mwenyewe!"

"Hujamfukuza mtu. Futa uso, asikuone."

Akampigia simu Kinyonga, aje atoe rangi yote, arudishe kahawia. Kinyonga alikuja bila kuchelewa. Alisikiliza, akakuna kichwa.

"Dada, kutoa rangi hii ni ghali kuliko kuipaka. Na hata nikiitoa, kile cha zamani hakirudi. Vanishi ya mzee niliipiga msasa, ikaondoka na vumbi. Nikipaka kahawia nyingine itakuwa ni kahawia yangu, siyo yake."

"Nitalipa!"

"Sikatai kulipwa. Nakataa kukudanganya."

Nikamwambia, "Usitoe chochote. Nirudishie mlango mmoja tu. Ule wa chai. Ufungukie kulekule kulikokosewa."

Akanitazama. "Ule? Mama, ule ulikuwa kosa la fundi."

Ndipo nilipowaeleza. Nilinyoosha mkono wangu wa kushoto nikawaonyesha palipokuwa na kishikio, na namna nilivyosimamishwa pale nikiwa kijana, tumbo mbele, na penseli ikatia alama. Kinyonga, yule wa maneno, alikaa kwenye kigoda akaangalia bisibisi yake.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia nini? Na mimi sikujua kwamba ndipo akili yake ilipokuwa imeshikilia."

"Mimi miaka yote naudhania mbovu," akasema binti yangu taratibu. Alikuwa ameshika mkono wangu anautazama, kana kwamba amenunuliwa mama mwingine.

Kinyonga aliutoa mlango. Puti haishiki skrubu, kwa hiyo aliikwangua kwenye matundu ya zamani, akachonga vijiti vya mbao, akavitia gundi, akavigongea ndani, akangoja. Alifanya kazi yote bila mzaha hata mmoja. Bawaba zikarudi mahali pake. Kishikio kikarudi kushoto. Yakabaki matundu mapya aliyoyatoboa yeye, akayaziba, akayapaka kwa brashi ndogo. Binti yangu alipofungua mkoba, alikataa kwa kichwa na kwenda zake kwa mlango wa nyuma.

Usiku ule binti yangu alilala kwetu, chumba cha watoto. Mimi sijui kama nililala. Kulipopambazuka mume wangu aliamka. Nyayo zikaenda jikoni. Nikashika shuka kwa mikono yote miwili.

Bawaba ikalia.

Nikasikia mfuniko wa kopo. Maji yakamiminwa. Kijiko kikagonga kikombe, kikagonga na kingine. Nilianza kulia kabla chai haijachemka, kilio cha shukrani, nimejiziba mdomo kwa mto. Harufu ya majani ikaja mpaka chumbani. Nikajifuta uso, nikajitengeneza kilemba, nikangoja aje aniite.

Hakuja.

Nikangoja tena. Kisha nikainuka.

Alikuwa amekaa mezani jikoni, ndani ya weupe ule. Mbele yake vikombe viwili. Kimoja anakinywa. Kingine amekifunika kwa kisahani, kishikio chake amekielekeza kushoto. Aliponiona alisimama.

"Umeamka salama, dada? Utanisamehe, nimechukua uhuru wa jiko lako. Majani nimeyaona, mkono umeyafikia wenyewe."

"Umefanya vizuri. Hii ni chai yangu?"

Akaisogeza karibu yake kidogo, kwa aibu. "Hii siwezi kukupa. Kunywa yangu, sijaimaliza. Hii ni ya mke wangu."

Nikakaa. "Yuko wapi?"

"Anakuja. Asubuhi hupenda kubaki kitandani." Akainama karibu, kama anayetoa siri. "Anajifanya amelala. Nikiingia na chai namwona kope zinacheza. Lakini simwambii. Ukimwambia mtu umemshika, hatarudia tena, na mimi napenda kumwamsha."

Ni kweli. Miaka yote hiyo nilijifanya, na sikujua kwamba anajua.

Akaitazama ile chai iliyofunikwa, akagusa kisahani kwa ncha ya kidole. "Inapoa," alisema.

Nikainuka. Nilikwenda chumbani, nikapanda kitandani upande wangu, nikajifunika shuka, nikafumba macho. Huko jikoni kiti kikaburuzwa. Nikasikia kisahani kinatetema juu ya kikombe, nyayo zinakuja, polepole, anachunga isimwagike. Zikapita chumba cha watoto. Zikafika mlangoni kwangu. Kope zangu zilicheza, nikaziacha zicheze.

Nyayo zikasimama.

"Lo," alisema kwa sauti ya chini, peke yake. "Kuna mgeni amelala humu."

Akauvuta mlango taratibu, akauzuia kwa mkono ili usigonge, asije akaniamsha.